Nahodha wa Kunong'ona

Nahodha wa boti ya wageni huzima injini kabla ya kuingia kwenye ghuba ya hifadhi, hushika upondo, na tangu hapo hunong'ona. Eti kasa wamelala. Mkewe hulalamika kwamba hata nyumbani huomba chumvi kwa kunong'ona, utadhani kuna msiba chumba cha pili. Kila safari hufunga boti kwenye boya lilelile, nanga haigusi, kisha huinamia ndoo yake yenye kitako cha kioo, kutazama matumbawe yaliyokufa mwaka ule bahari ilipopata joto. Hutikisa kichwa, hufuta kioo kwa shati, basi. Leo hakuinuka.

"Nahodha, kuna nini?" mgeni mmoja alinong'ona.

"Yamechipua! Mama yangu, yamechipua!"

Ndege wakatimka mikokoni. Akaziba mdomo kwa kiganja kilicholowa, akainamia maji, akawaomba kasa radhi.