Jogoo Aliyekufa Mara Kumi na Tisa

Fundi alishona suti za watu miaka arobaini, hadi macho yakakataa kuona tundu la sindano. Tangu hapo akawa mtu wa nyumbani, akimfundisha mke wake kukunja shuka ambazo mama wa watu amezikunja tangu waoane. Chuo cha udaktari kilipotafuta watu wazima wa kuigiza kwenye usaili, mke ndiye aliyempeleka, tena akasimama getini asije akageuza njia akarudi nyumbani.

Kazi yenyewe nyepesi. Vijana wanaotaka kusomea udaktari waliingia chumbani mmoja mmoja, dakika nane kila mmoja, kengele ikilia wanahamia chumba kingine. Mambo ya vitabuni walishapimwa. Hapa walipimwa kama wanajua kuishi na watu. Katika chumba cha Fundi, kijana alitakiwa kumwambia jirani kwamba, akirudisha gari nyuma, amemkanyaga jogoo wake. Jirani ndiye Fundi. Jogoo hakuwepo. Pembeni alikaa daktari, mama wa makamo mwenye miwani, akijaza alama.

Tatizo la Fundi ni huruma. Miaka yote ile alikuwa akiwaambia wanene kwamba hawajanenepa, kitambaa ndicho kimerudi. Siku ya kwanza tu, kijana akikwama, yeye anamtoa: "Kama ni jogoo sema tu, mwanangu, yule naye alishazeeka."

Jioni daktari akamwita pembeni. "Mzee, unawafanyia mtihani."

"Wanatetemeka, Daktari."

"Waache watetemeke. Ukimsaidia mmoja tena, kesho yake usije."

Nyumbani mke alisikia habari hiyo, akaweka kikombe chini. "Wewe ukirudi kukaa hapa, baba watoto, mimi nahamia kwa dada yangu. Na shuka zangu."

Basi kesho yake Fundi akaja amekaza uso. Kijana mmoja alimtangazia msiba kama anasoma taarifa ya habari. Mwingine alimshika mkono wa pole, akasahau kuuachia. Wa tatu aliahidi jogoo wawili, na alivyoona mzee kanyamaza, wakafika sita na beberu juu. Fundi akauma mdomo. Jogoo akafa mara kumi na nane, na kila akifa Fundi alizidi kumpenda. Kufikia mchana alishampa mkia mwekundu na tabia ya kugonga dirisha.

Wa kumi na tisa alikuwa binti ndani ya koti la kuazima, mikono imemmeza hadi kwenye kucha. Fundi aliliona koti kabla ya kumwona binti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa habari ya jogoo wako. Umekaa naye siku nyingi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Fundi akafunguka: mkia, dirisha, siku jogoo alipomkimbiza mkwe wake hadi barabarani. Binti akacheka pale pa kucheka, akauliza ni dirisha lipi. Fundi kutupia jicho saa ya ukutani, imebaki dakika moja, na jogoo yu mzima. Binti asiposema, anapata sifuri.

Fundi akamwangalia daktari. Akazikumbuka shuka. Halafu akasema taratibu, "Binti, muda unakwisha, na jogoo hajafa."

Binti akashtuka. "Mzee, nimemkanyaga na gari. Ni mimi, sikuangalia nyuma. Nisamehe."

Fundi, aliyekwisha kulia kwa kuigiza mara kumi na nane, akajikuta anafuta machozi ya kweli. Binti akasogeza kiti, akakaa naye hadi kengele.

Mlango ulipofungwa, daktari alivua miwani. "Mzee, tulikubaliana nini?"

"Kwamba kesho nisije." Fundi alishachukua kofia. "Ila yeye, amepita?"

"Kusikiliza, nimempa alama zote. Kusema ukweli, nusu. Nusu umesema wewe. Amepita."

"Basi."

Daktari akapekua karatasi zake, akijizuia kucheka. "Chumba cha tano wanataka mgonjwa aliyezimia, kijana amtulize ndugu wa mgonjwa. Mgonjwa haongei kutwa nzima. Utaweza?"

Kesho yake Fundi alikuwa kitandani, macho ameyafumba, kimya kama gogo. Kijana wa kwanza akaanza kuhangaika, akitafuta kiti cha kumkalisha ndugu wa mgonjwa, hakioni. Mgonjwa aliyezimia akanyoosha kidole polepole, kuelekea nyuma ya mlango.