Mapigo Hamsini ya Ruhusa

Wakati wa Mjerumani nilikuwa karani katika ofisi ya reli hapa Morogoro. Mhandisi niliyekuwa chini yake aliletewa kutoka kwao vibao viwili, wavu, na vimipira vya kuchezea mezani, vyepesi kama maganda ya mayai. Mwenzake wa kucheza naye alipohamishwa, kila jioni akawa ananiweka mimi upande wa pili wa meza ya kulia.

Nilicheza vibaya. Mimi ni mtu wa hasira, na pigo la mbele nililipiga kana kwamba namfukuza nyani shambani: mkono nyuma kabisa, halafu twa! Kimpira ukutani.

Ndipo dada yangu akateremka kutoka mlimani. Binti yake alikuwa mwali, na siku ya kumtoa ndani imekaribia. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Nisipofika, mwali hatoki. Nikaomba ruhusa. Mhandisi akacheka.

"Piga hamsini mfululizo bila kukosa, ndipo uende."

Siku tatu sikufika hata kumi. Asubuhi ya nne dada na mke wangu walikuwa uani wakitwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Michi haikugongana hata mara moja. Kila mmoja ulipanda kimo kilekile, ukashuka, ukarudi ulikoanzia. Hakuna aliyeonyesha nguvu zake.

"Kaka, mbona watukodolea macho? Hujaona watu wakitwanga?"

Jioni ile kibao changu kilianzia kiunoni, kikaishia usawa wa uso, kikarudi kiunoni. Hamsini ikapita. Kwenye themanini nikakidaka kimpira kwa mkono.

"Bwana Mkubwa, ruhusa yangu."

"Sasa umejua kucheza," alisema akijifuta jasho. "Ukienda, nitacheza na nani?"

Nilichukia mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake nikaanza kukosa. Haikuwa rahisi. Mkono ulishazoea njia yake, ikanibidi niukaze kwa makusudi. Kimpira ukutani, kimpira dirishani, kimoja nikakikanyaga. Siku ya pili mhandisi akatupa kibao, akasema niondoke machoni pake wiki nzima.

Njiani dada aliniuliza nimeipataje ruhusa.

"Nimemchosha," nikamwambia.

Tulifika siku yenyewe, ngoma zimeanza. Nikaingia ndani, nikamshika mpwa wangu kwa mkono uleule uliokuwa umekataa kukosa, nikamtoa nje.