Pikapu Iliyohitaji Kupumzika

Jirani yangu hapa Mtumba anauza petroli ya bodaboda kwenye chupa za maji. Asubuhi nikipita kwenda kazini humkuta akimimina, na harufu ile hunipanda kichwani kabla hata sijamsalimia. Wenzangu huziba pua. Mimi husimama kidogo, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya baba yangu.

Nilizaliwa karibu na Kolo, kule Kondoa. Baba alikuwa na pikapu kuukuu iliyobeba alizeti, mbaazi na watu, na alizeti ndiyo iliyokaa vizuri zaidi. Rangi yake ya asili hakuna aliyeikumbuka. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani, na dirisha lilishuka kwa kuvutwa kwa viganja huku ukimwomba Mungu. Baba aliipenda bila kificho. Alfajiri aliizunguka na kuipigapiga boneti kabla ya kutujulia hali sisi, na mama, jikoni, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mke mwenza keshaamka.

Siku hizo petroli ilifika kijijini kwa mapipa na madumu, ikiwa na mchanga na kutu ndani yake. Kwa hiyo kila mwenye chombo aliichuja kwa nguo. Mama alitoa kanga yake iliyochakaa, ya zambarau yenye michoro ya korosho nyeupe, wakaichana vipande. Kipande kiliwekwa kwenye mdomo wa tangi, mama akashika kingo, baba akamimina taratibu. Siku nyingine mama alikuwa shambani, na baba alikichomeka peke yake akamimina hivyo hivyo. Vipande vilipokwisha kuliwa na petroli vilitupwa, vikachukuliwa vingine, na hakuna aliyewahi kuvihesabu.

Kisha pikapu ikaanza kuumwa. Kwenye tambarare ilikwenda, ila ikikutana na mlima ilikohoa, ikashtukashtuka, ikapoteza nguvu na kuzimika. Baba alibadilisha plagi. Akabadilisha chujio la mafuta, akafunga na pampu iliyotumika aliyoipata mjini, na bado. Lakini aligundua kwamba ukiiacha ikae kidogo inawaka tena, inaunguruma kama hakuna kilichotokea. Akahitimisha kwamba gari limezeeka na linahitaji kupumzika. Tukazoea wote. Abiria walishuka penye mlima bila kuambiwa, wakakaa kwenye majani wakitafuna miwa, na mtu akiuliza kuna nini alijibiwa kwamba inapumzika.

Mama alikuwa mjamzito wakati huo. Uchungu ulimshika asubuhi moja ya masika, na ilipofika saa nne mkunga wetu, Bi Mwanaidi, alitoka chumbani akifuta mikono.

“Baba Zaina, mtoto kakaa vibaya,” alisema. “Hapa mimi siwezi. Mpeleke Kondoa, hospitali, sasa hivi.”

Mama alikaa mbele na Bi Mwanaidi. Mimi nilipandishwa nyuma pamoja na furushi la nguo, kwa kuwa hapakuwa na wa kubaki nami nyumbani. Barabara hiyo leo ni lami, unaipita ukiongea na simu. Wakati ule ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, na milima yake niliijua mmoja mmoja kwa vile tulivyozoea kukaa hapo.

Mlima wa kwanza ilizimika. Baba akafungua boneti, akangoja, ikawaka. Mlima wa pili ilizimika kabla ya nusu, na ilipowaka ilikwenda hatua chache ikakaa tena. Nilimwona baba akiwa ameshika boneti kwa mikono miwili, hafanyi chochote, anaiangalia tu injini.

“Baba Zaina, kuna nini?” mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

“Inapumzika, mama Zaina. Sasa hivi tu.”

Alisema hivyo mara nyingi. Mwishowe lilipita lori la vitunguu, na mama akapakiwa juu ya magunia, Bi Mwanaidi akimshikilia. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa hospitali jioni hiyo, na hakulia. Baba na baba zangu wadogo walimzika kesho yake, kaburi dogo mno, na mimi niliona uchungu kwamba sikuonyeshwa hata uso wake.

Pikapu ilikaa uani wiki nyingi, kuku wakatagia ndani. Siku mama alipoanza kutoka nje, baba alimwita Fundi Rajabu kutoka Kondoa. Fundi hakugusa pampu. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akautia ndani ya chupa ya soda, akasema, “Tia stata, mzee.” Mafuta yaliruka kwa nguvu, yakapungua, kisha yakawa yanadondoka tu.

“Pampu yako nzima,” fundi alisema. “Yanaanza vizuri, halafu presha inashuka. Kuna kitu ndani ya tangi kinavutwa, kinaziba bomba. Injini ikizimika kinaachia.”

“Ndiyo maana ikipumzika inawaka,” baba alisema.

“Ndiyo maana.”

Walishusha tangi, fundi akaingiza waya uliopindwa, akavuta. Kilitoka kitambaa kilicholowa, cheusi kwa kutu. Alikikamua na kukikunjua, na korosho zikaonekana.

“Mama, kanga yako hiyo!” nilisema.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alikitazama kile kitambaa muda mrefu, halafu akamtazama baba, ambaye alikuwa amejishika kifua.

“Siyo yangu,” alisema. “Kanga zinafanana.”

“Kweli,” baba alisema. “Zinafanana.”

Nilikasirika sana. Nilikuwa na hakika, na watu walionifundisha kusema kweli walikuwa wananidanganya mbele ya mgeni. Nilinuna mpaka jioni, na hakuna aliyenibembeleza.

Kwa miaka mingi, hata nilipokwisha kuolewa, niliamini kwamba mama alidanganya ili amwokoe baba, aliyekuwa akimimina. Ni juzijuzi tu nimeelewa kwamba baba naye alidanganya ili amwokoe mama, aliyekuwa akishika kingo. Hawakujua kitambaa kilizama siku gani, mikononi mwa nani. Waliendelea kulala kitanda kimoja, wakazeeka pamoja, na sikuwahi kumsikia mmoja akimwuliza mwenzake. Nawaza nyumba yangu mwenyewe na mume wangu, na najijua. Mimi ningeuliza.