Mtu wa Kwetu na Mtu wa Bara

Nyumba niliyofanyia kazi Dubai, upande wa Deira, ilikuwa na bibi kizee mzaliwa wa Unguja. Alihamia Ghuba akiwa bibi harusi, akapata uraia, akazaa na kujukuu huko. Wajukuu hawakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Siku niliyofika aliitazama rangi yangu ya maji ya kunde, akauliza, "Mtu wa wapi wewe?"

"Wa Unguja, bibi. Malindi."

"Huyu mtu wa kwetu!" akamwambia binti yake, madam wetu. Tangu hapo nikawa mwanawe.

Mwenzangu kazini alitoka Tabora, mwanamke mrefu, mweusi, mpole. Alinitangulia pale, na ndiye aliyenifundisha kumwogesha bibi bila kumtonesha magoti. Alfajiri alisoma Kurani kwa sauti ya chini. Asubuhi moja bibi akaniuliza mimi, na mwenzangu yupo papo hapo anakunja shuka:

"Kumbe watu wa bara nao husali?"

Mwenzangu aliendelea kukunja. Mimi nikaendelea kumchana bibi nywele.

Ramadhani ilipoingia, bibi akaagiza nifuturu mezani, ubavuni pake, apate wa kuzungumza naye. Mwenzangu alileta sambusa na uji, kisha akarudi jikoni. Mlango ulipofunguka nilimwona ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahani mapajani. Tumefunga wote, na mchana kutwa yeye ndiye aliyepiga deki huku mimi nikipiga soga na bibi.

Nilivumilia siku chache, kisha nikabeba sahani yangu nikamfuata.

"Umefuata nini huku?" akauliza.

"Nataka tule pamoja."

"Rudi, mdogo wangu. Bibi atasema mimi ndiye ninayekuharibu. Atakayefukuzwa ni mimi, si wewe."

Nikarudi. Bibi akanimegea mkate wa ufuta, kipande kikubwa kuliko cha wajukuu zake.

Siku ya Idi walikuja wakwe wa mjukuu wake wa kike. Sebule imejaa, bibi akanigeukia akaniomba maji kwa Kiswahili, kama kawaida yake. Mjukuu akamkatiza kwa Kiarabu: "Khalas, bibi, basi! Si mbele ya wageni."

Mgeni mmoja akacheka, akauliza bibi ni mtu wa wapi hasa.

"Wa hapa hapa," bibi akajibu haraka. "Maneno haya nimeyaokota kwa watumishi." Akatunyooshea kidole, mimi na mwenzangu aliyeshika sinia. "Kwa hawa."

Kiarabu changu kilikuwa cha kubabaisha, lakini hayo niliyaelewa. Tulipofika jikoni nilimpokea sinia. Nilidhani mwenzangu atafurahi, maana sasa tumewekwa fungu moja. Akatikisa kichwa.

"Maskini bibi," alisema. "Amezeekea hapa, na bado anaulizwa kwao wapi."

Akamimina maji, akampelekea mwenyewe. Sisi wengine tulikwishasahau kwamba aliyaomba.

Kesho yake bibi akaniita mezani kana kwamba hakuna lililotokea. Nikaenda. Nikakaa pale pale.

Mkataba wa mwenzangu ulipokwisha, alihamia kufanya usafi katika kiwanda kimoja kule Dubai Investments Park. Siku moja alinipigia simu, akanieleza kwamba kambini kwao kuna chumba cha kusalia wanawake.

"Tumo Wabengali, Waganda, Waindonesia. Hakuna anayeshangaa kuniona nasali."

"Dada, nisamehe," nikamwambia.

"Kwa lipi? Si wewe uliyeniweka jikoni."

"Lakini nilikuwa nakula."

Nilisikia wenzake wakicheka nyuma yake. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakuna kosa.

"Bibi hajambo?" akauliza.

"Hajambo," nikasema. "Ananiita."

"Basi nenda, usimkawize."