Mazabodi ya Udongo

Mimi si mtu wa kutulia. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya kabati, maana nikikaa miguu inaanza kucheza chini ya meza. Wanafunzi wangu huniigiza nikiwapa mgongo. Najua, na wanaigiza vizuri.

Nilifundisha kompyuta kwa miaka miwili katika shule ya kata huku Nyantakara bila kuwa na kompyuta. Chuoni zilikuwepo, lakini kwetu zilikuwa maboksi yaliyofungwa: tuliwasha, tukachapa, tukazima. Ndani sikuwahi kuona isipokuwa katika picha moja ya kitabu, nyeusi na nyeupe, iliyofifia kama khanga ya zamani. Kwa picha hiyo nikatengeneza mazabodi yangu, yaani ule ubao wa ndani ambao viungo vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Nilichukua mlango mbovu wa stoo, nikakanda udongo wa kichuguu na samadi, mchanganyiko uleule wa kusiribia nyumba. Prosesa ilikuwa kipande cha kigae. Kapasita zilikuwa vizibo vya soda. Sloti, zile nafasi za kuchomekea kadi, nilizichimba kwa kisu, ndefu na fupi, na sloti ya ramu, ile kadi ya kumbukumbu ya kompyuta, nikaifinyanga kwa kuta mbili nyembamba. Ramu yenyewe niliikata kwenye boksi la sabuni.

Niliipenda kazi ile mno, na mtu akipenda kazi yake mno huanza kuiamini kupita kiasi.

Siku ya somo la ramu, msichana mmoja wa kidato cha tatu, wa kwanza kwa alama na wa kwanza kwa maswali, alinyoosha mkono.

"Madam, inaingia kwa upande upi?"

Sikujua. Picha haikuonyesha. Ningeweza kusema sijui, lakini kengele ilikaribia kulia, na darasa zima lilikuwa linanitazama.

"Upande wowote," nikasema. "Ikigoma, ikandamize mpaka usikie ta."

Akaandika. Wote wakaandika.

Alipomaliza kidato cha nne, fundi mmoja wa kompyuta mjini Biharamulo alimchukua ajifunze kazi. Nilitangaza mstarini, nikajisikia kana kwamba nimemzaa mimi. Siku nne tu, akarudi kwao Nyamahanga. Nilipokutana naye gulioni nilimsema palepale mbele ya wauza nyanya: kazi inataka uvumilivu, bahati haichezewi, na mimi nilikusifia kote. Alitazama chini.

"Sawa, Madam," akasema.

Nikaondoka nimevimba. Kila nilipomkumbuka nilikasirika upya.

Mwaka huu shule ikapata kompyuta halisi, ya zamani, iliyotumika kwingine kabla ya kuja kwetu. Ilifanya kazi vizuri hadi likizo. Tuliporudi, ukiwasha inalia pii, pii, pii, na kioo cheusi. Mkuu wa shule akaniambia niifungue, si mimi ndiye mwalimu wake? Usingizi ulinipaa. Asubuhi nikaibeba mpaka darasani, maana nilijua peke yangu ningeghairi.

Nilipotoa kifuniko, darasa zima likainama kutazama, kisha likacheka. Nyuma ya kompyuta palikuwa na tundu lisilo na kizibo, pale kadi ya ziada ingekaa. Nyigu wale wajenzi walikuwa wameingilia hapo, wakajenga vijumba vyao kuanzia sloti za kadi mpaka kwenye miguu ya ramu mbili.

"Madam, kumbe hata ya kweli ina udongo," akasema mmoja.

Nilicheka nao. Kila kitu kilikuwa mahali nilipokifinyanga, ila kidogo, kidogo mno, mpaka nikaona haya kwa ukubwa wa vizibo vyangu. Nikachomoa ramu zote mbili, nikaondoa udongo kwa kijiti na brashi ya rangi. Kisha nikairudisha ya kwanza. Ikagoma.

Nikaikandamiza. Ubao ukabonyea chini ya vidole, plastiki ikalia, si ta, ila mlio mwembamba wa kitu kinachotaka kupasuka. Nikaacha. Nikaipeleka ramu dirishani, na kwa mara ya kwanza nikaitazama badala ya kuikariri. Kwenye ukingo wake wa chini palikuwa na pengo dogo, nalo halikuwa katikati. Ndani ya sloti palikuwa na kituta kidogo, nacho hakikuwa katikati. Nikaigeuza. Ta.

Kompyuta ikawaka, darasa likapiga makofi. Mimi nilikuwa namsikia yule msichana: kwa upande upi?

Sikungoja Jumamosi. Ramu ya pili sikuirudisha kwenye kompyuta. Niliifunga kwenye leso, nikapanda bodaboda hadi Nyamahanga. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Akapiga goti kama walivyomlea kwao Wasukuma.

"Shikamoo, Madam."

Laiti asingepiga goti.

"Marahaba. Kule mjini, ulivunja sloti ya ramu?"

Akaweka gunzi chini. "Ndiyo. Iligoma, nikaikandamiza. Ikapasuka. Ilikuwa mazabodi ya mteja."

"Fundi akasemaje?"

"Akauliza nimefundishwa na nani kukandamiza vile."

"Ukamwambia nani?"

"Nikasema nimejifunza mwenyewe."

Nilikaa chini, mimi nisiyekaa, juu ya magunzi. Nililia, na sikujificha. Kisha nikafungua leso, nikampa ramu. Kidole gumba chake kilipita ukingoni mara moja tu, kikasimama penye pengo.

"Haliko katikati," akasema.

"Haliko. Upande ni mmoja tu. Siku ile sikujua, nikaona aibu kusema sijui. Halafu nikakusema gulioni."

Aliigeuza, akaigeuza tena. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilimwomba jambo moja, kesho yake tuongozane mjini.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, miwani kwenye paji la uso, bisibisi mkononi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalinikimbia.

"Mwalimu aliyemfundisha huyu ni mimi," nikasema. "Kosa lile ni langu."

Alinitazama, akamtazama yeye. "Wewe si uliniambia umejifunza mwenyewe?"

Fundi akainama chini ya meza, akatoa mazabodi yenye vumbi. Sloti moja ya ramu ilikuwa na ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya pili yake ilikuwa nzima. Akaweka ramu kando yake.

"Weka."

Msichana aliinua ramu kwenye mwanga, akatafuta pengo, akalilinganisha na kituta, akabonyeza kwa vidole gumba viwili bila haraka. Ta.

"Jumatatu saa mbili," fundi akamwambia, kama mtu aliyekuwa likizo tu. Kisha akaichomoa ramu, akanisogezea mimi. "Na mwalimu naye aweke."

Nilishaiweka moja mbele ya darasa, lakini pale, mbele yao wawili na ule ufa, niliona pande zote mbili ni sawa. Nikamgeukia msichana.

"Kwa upande upi?"

"Tazama pengo kwanza, Madam," akasema. "Usikandamize."