Walimlaza kaka yangu kwenye barafu ya samaki, sisi tukichagua Jumamosi

Tarehe kumi na moja Agosti mwaka jana nilimpoteza kaka yangu, Musyoka. Alianguka kutoka paa la shule, katika nchi ya visiwa ambayo hadi siku hiyo nisingeweza kuionyesha kwenye ramani.

Wakuu, salamu kwenu. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Shule niliishia form two, mtanivumilia. Nitaandika nilichoona na kusikia mwenyewe, hata kile kinachotuaibisha kama familia.

Musyoka alikuwa fundi wa matanki ya mabati hapa Kariobangi. Akapata kazi kwenye mradi wa nchi tatu. Nchi moja tajiri inatoa pesa, Kenya inatoa mafundi, wa visiwani wanatoa vijana wa kufundishwa. Bahari inapanda huko, visima vimeingia chumvi, watu wanakunywa maji ya mvua. Kwa hivyo wanahitaji matanki.

Alikuwa akinipigia Jumapili.

"Sista, huku chumvi inakula bati kama mkate. Lazima tupake lami kwanza. Na samaki nimekula mpaka naota magamba."

Alipenda watu wa huko. Hilo nalijua.

Alipofariki, afisa wa mradi alikuja nyumbani, kijana mpole anaitwa Brian. Akatueleza kuwa ndege hutua kule mara moja kwa wiki, siku ya Alhamisi. Akauliza, "Tumlete Alhamisi hii, ama mnataka muda?"

Hapa naomba msome polepole.

Mnajua vile sisi huzika. Kamati lazima ikae. Tulikaa kila jioni kwa hoteli moja karibu na soko la Burma, chai na mandazi mezani. Mwenyekiti alikuwa Ankal Kilonzo, mdogo wake marehemu baba. Dada yetu aliye Gulf alikuwa hajapewa ruhusa na mwajiri. Barabara ya kuingia kwetu Machakos ilikuwa mbaya. Programu ya mazishi, ile yenye picha, ilikuwa haijaenda kuchapishwa. Kwaya nayo ilitaka sare.

"Mwambieni huyo kijana aache haraka," Ankal alisema. "Mtu hazikwi kama kuku. Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo iko sawa."

Mama akauliza, "Na saa hii yuko wapi?"

"Si yuko mochari, Mama Musyoka. Atakuwa wapi tena?"

Watu wakaitikia. Hata mimi niliitikia. Hapa Nairobi mtu hukaa mochari wiki mbili na hakuna anayeshangaa. Brian akaandika "wiki ijayo" kwa simu yake, akatuma. Sidhani hata yeye alijua kule kukoje.

Alhamisi ndege ikatua kule, ikaondoka bila yeye.

Ijumaa nikapigiwa video call na mama mmoja, Salina, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nyuma yake niliona kibanda cheupe chenye sola juu.

Aliniambia kisiwa chao hakina mochari. Kwao mtu huzikwa siku hiyo hiyo. Lakini walipoambiwa familia inamtaka nyumbani, walimlaza Musyoka kwenye nyumba ya barafu ya samaki, ambayo pia ilijengwa na mradi, na tulipoomba wiki nyingine wakamwacha humo. Tangu hapo hakuna mvuvi aliyechukua barafu. Walivua samaki wa kula tu, waliobaki wakawaanika.

"Hatujui desturi yenu," alisema. "Tulidhani hizo siku ni za maombi."

Nilikuwa nimeshika kipande cha kitambaa, sampuli ya sare ya kwaya.

"Lakini sasa kuna mawingu, dada. Mashine inataka jua. Hamwezi kuja kabla ya Alhamisi?"

Nilienda kwa kamati nikawaambia. Ankal akasema, "Si wakodishe ndege nyingine." Brian alipiga simu kila mahali, akatafuta hata meli. Ofisi ya wale wa pesa ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.

Jumapili Salina alipiga tena. "Nisamehe. Jua limekataa."

Walimzika siku hiyo. Vijana aliowafundisha ndio walimbeba. Mama na mimi tulitazama kwenye simu yangu, picha ikikwama kila mara. Kaburi likafunikwa wakati picha imekwama.

Mama aliomba afukuliwe aletwe nyumbani. Brian aliahidi kuuliza. Kabla jibu halijakuja mradi ulifungwa, na namba ya Brian haipatikani tena.

Nasoma humu watu wakisema hii miradi ni ya wakubwa kula. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu niliona watu wakikaa bila barafu kwa ajili ya maiti ya mgeni. Nilichojifunza ni kidogo. Mtu wa mbali akikuuliza unataka nini, kwanza muulize yeye ana nini. Mama aliuliza swali sahihi, nasi tukamjibu wenyewe badala ya kuuliza kule.

Kama kuna mtu humu amewahi kurudisha mwili wa mtu aliyezikwa nje, aniandikie hapa chini. Na ukiona tulikosea, sema tu. Sitakasirika.

Salina bado hunitumia picha. Kisiwa ni chembamba, makaburi yote yako karibu na maji. Kwenye picha ya wiki jana, safu ya mbele imeshaingia baharini. Musyoka yuko safu ya tatu.

Nilimwonyesha mama. Aliitazama, akaniuliza safu ya pili ni akina nani.

Nikamwandikia Salina. Amejibu asubuhi: baba yake na mama yake.