Gari Lililokuja Kimya

Magari yalikuwa mawili uani kwa muuzaji mmoja, yote makuukuu, yote yana winchi nyuma ya kuvutia wenzao waliokwama. Moja la dizeli, jingine la petroli. Ndugu yangu alifungua boneti la lile la dizeli, akainama humo kwa muda mrefu, kisha akaomba liwashwe. Lilipowaka, ule mtetemo wake ulinipanda kuanzia nyayoni. Nikamwambia azime. Muuzaji, mtu wa bara aliyezoea wateja wenye kisirani, alinitazama akacheka.

"Dada, hii ndiyo injini yenyewe. Hata mlima inavuta."

"Garissa hatuna mlima," nilimjibu.

Kisirani changu kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni masikio ya mama yangu. Baba alikuwa dereva wa lori la dizeli, Garissa hadi Wajir, mara nyingine mpaka Banissa, na siku ya kurudi hakuna aliyeweza kuitabiri. Nyumba yetu iko ukingoni mwa mji, upande wa barabara ya Wajir. Malori yanapopunguza gia kwenye kizuizi cha polisi, sauti inafika mpaka jikoni. Mama alilijua la baba kati ya yote, jinsi mfugaji anavyoijua kengele ya ngamia wake aliye kichakani. Akilisikia tu, anabandika birika, na baba akiingia chai imeiva. Sisi watoto tulidhani kila mke ana masikio ya namna hiyo.

Mwaka mmoja wa mvua lori lilikwama ndani ya laga, yale makorongo ya mchanga ambayo hujaa maji ghafla mvua ikinyesha mbali. Baba aliwaruhusu abiria waende kwa miguu, yeye akabaki. Madereva wa barabara hii hawaachi gari lenye mali ya watu. Wanatandika mkeka chini ya lori, wanachemsha chai, wanangoja, hata wiki nzima. Alikuwa anangoja gari la kumvuta, na gari la kuvuta lilikuwa huku Garissa, mwenyewe akisema hataki kulichafua kwa matope. Maji ndiyo yaliyotangulia. Wafugaji walimkuta, wakamwosha, wakamzika siku ileile kama dini inavyotaka, na habari ikatufikia akiwa tayari udongoni. Mama hakumwona. Alikaa eda yake yote, akapokea pole za watu, akamshukuru Mungu. Masikio yake hayakukaa eda.

Tangu hapo, dizeli nzito ikipunguza gia pale kizuizini, yeye huinuka. Anabandika birika, anajitanda mtandio, anasimama getini mpaka lori lipite. Kisha anarudi na kuimwaga ile chai nyuma ya nyumba. Hatukuwahi kumwambia kitu. Ungemwambia nini?

Kwa hiyo ndugu yangu alipotaka kununua gari la kuvuta waliokwama, hakuna aliyemwuliza kwa nini. Mimi nina duka la vitambaa sokoni, tukakubaliana tununue kwa ushirika, nami nikaweka sharti moja tu: lisiwe la dizeli. Siwezi kumwona mama akisimama getini kwa ajili ya gari linalolala uani kwake mwenyewe. Nyumbani tunaongea Kisomali, lakini mbele ya muuzaji tulibishana kwa Kiswahili ili asidhani tunamsengenya.

"Abaayo," ndugu yangu aliniita, yaani dada, kwa sauti yake ya kunibembeleza, p zake zikigeuka b kama kwa Wasomali wengi. "Betroli huku ni ya bikibiki. Inauzwa na chuba. Dizeli iko kila mahali, hata kwa jenereta ya kisima utaomba, utabewa. Na hii joto, betroli inachemka ndani ya mrija, gari inazima. Dizeli inabita kwa mchanga bolebole, na kwa maji haina blagi ya kulowa."

"Na hooyo?" nikamwuliza. Hooyo ndiye mama.

Alilishika boneti lile, akalifunga taratibu, akajifuta mikono kwenye kikoi. "Basi betroli," alisema, shingo upande. Muuzaji alifurahi hadi akatununulia soda, kwa maana lile la petroli lilikuwa limekaa pale mpaka kuku wanataga ndani yake.

Lilikuwa kimya kweli. Lilipita kizuizini na kuingia uani mwetu bila kumwinua mtu mkekani, nami nikajisifu sokoni kwamba nimempa mama yangu usingizi. Haikuchukua muda nikaanza kumkuta getini bila sauti yoyote barabarani. Asubuhi yuko pale. Baada ya adhuhuri yuko pale, mikono ina unga.

"Unangoja nini, hooyo?"

"Sijui," alisema. "Ningejua ningekaa."

Kiangazi kilipochacha, lori la mbuzi lilikwama upande wa Kotile, ndugu yangu akaitwa. Alikuwa arudi siku ileile. Hakurudi, na simu yake haikushika. Kesho yake nilifunga duka nikakaa na mama. Nilimpigia kila dereva niliyemjua, nikawafokea wote, hata waliokuwa hawana habari naye kabisa. Mama hakumpigia mtu. Alikaa uso ukielekea mlangoni, hakutaka hata maji.

Alasiri alikuwa anamalizia sala, mimi niko jikoni, mlango wazi. Kumbe petroli ilikuwa imemchemkia ndugu yangu njia nzima ya kurudi, kama alivyosema itachemka. Mwendo kidogo, gari linazima, anafunika mrija kwa kitambaa chenye maji, anangoja lipoe. Lilimzimikia mara ya mwisho kabla ya geti, likaserereka lenyewe mpaka ukutani. Hatukusikia kitu. Alisimama mlangoni, mweupe kwa vumbi tangu kichwani, na kwa urefu na mabega ni baba mtupu. Mama aligeuza uso kuume kutoa salamu ya kumaliza sala, akamwona. Kushoto hakugeuka.

Hakupiga ukelele. Alimtazama kwa upole ambao sijauona kwake kabla wala baada, akamwuliza kwa sauti ya mke:

"Walikuzika vizuri?"

Ndugu yangu alishika mlango kwa mikono miwili.

"Hooyo, ni mimi."

"Sikulisikia gari."

"Halina sauti, hooyo."

"Aliye hai husikika," mama alisema, na hapo ndipo alipoanza kutetemeka. Tulimshika, mmoja huku, mwingine huku, mpaka magharibi ikaingia.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa muuzaji. La dizeli lilikuwa bado liko.

"Dada amepata mlima?" alinitania. Nilimkabidhi funguo za lile la petroli, nikaanza kumhesabia pesa za kuongezea.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Wajir. Siku ya kurudi, mimi na mama tulikuwa uani tunachagua mchele. Sauti ilitokea kizuizini, nzito, ikipunguza gia. Nikajiandaa kumwona akiinuka. Mama aliinua kichwa, ungo ukiwa mapajani. Alisikiliza gia moja, akasikiliza nyingine, akasikiliza mpaka mwisho.

"Si yeye," alisema.

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Ni mwanangu. Bandika birika."

Nikabandika. Gari liliingia, likazimwa, ndugu yangu akanawa, akaketi mkekani, mama akammiminia yeye mwenyewe. Niliwasikia wakicheka kwa jambo fulani. Mimi nilikuwa getini, na sikumbuki nilivyofika pale.

"Unangoja nini, hooyo?" mama aliniuliza, kwani kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye.

Ndugu yangu alikuwa amefika, chai ilikuwa imeiva, barabara ya Wajir ilikuwa tupu, nami nilikuwa bado nasikiliza.